Mtori Ukiungua Chini, Usikoroge

Nyie wa jikoni mmeniomba niwaandikie siri za mtori wa Mama Happy kabla sijazisahau. Siri hakuna. Ni ndizi, nyama, kitunguu, maziwa na mkono usiojihurumia. Nikiishia hapo mtasema mama kastaafu na uvivu wake kaupeleka nyumbani. Kwa hiyo nitaandika niliyoyaona, kwa mpangilio nilivyoyaona, na mkinikuta nalalamika mjue ndiyo sauti yangu ya kawaida. Marehemu mume wangu alikuwa anasema mimi hata sala ya chakula naisema kama mtu aliyecheleweshewa chakula chenyewe.

Mnajua pia kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Maisha yangu yote yamekuwa Njoro kwenda hospitalini, hospitalini kurudi Njoro, nivue viatu, nikae. Watu wanavuka bahari kuja kupanda mlima huu. Mimi nimezaliwa Kirua Vunjo, mgongoni mwake kabisa, na sijawahi kupita juu ya shamba la baba. Kuna nini huko? Baridi. Baridi ninayo kwenye jokofu.

Nilianza kazi nikiwa nimetoka kidato cha nne, na matokeo ya aina ile ambayo mtu anayakunja kunja kabla ya kumwonyesha baba. Siku ya kwanza nilimkuta Mama Anaeli, mpishi mkuu wa wakati huo, mwanamke mfupi mwenye mikono kama michi. Hakuuliza cheti. Alichota uji kwa upawa akanipa.

"Onja. Una nini?"

"Mtamu, mama," nikasema. "Sukari imekolea vizuri."

"Huo ni wa wagonjwa wa kisukari. Hauna sukari hata ya kusingizia. Umenidanganya ili nikupende. Kaoshe masufuria."

Nikaosha. Wakati ule tulikuwa tunapikia kuni, na masizi ya kuni hayatoki kwa kubembeleza. Nyie mnaowasha gesi kwa kubonyeza mnaniona bibi mwenye hadithi, lakini kucha zangu za siku zile mngezionea huruma. Ndivyo nilivyojifunza kwamba ukionja, unasema ulichoonja. Nimewaona baadhi yenu mkitikisa kichwa kabla upawa haujafika mdomoni. Nawajua kwa majina.

Jambo la pili Mama Anaeli hakunifundisha kwa mdomo. Tulipokuwa na mgonjwa anayekataa kula, alikuwa anasukuma troli mwenyewe mpaka wodini, anamimina uji vikombe viwili kutoka jagi moja, anakaa kando ya kitanda na kunywa cha kwake kwanza. Basi. Hakusema kunywa, hakusema jitahidi. Siku moja nikamuuliza.

"Kwani kwenu mgeni anapewaje mbege?" akaniuliza naye.

"Mwenyeji anapiga funda kwanza, ndipo anampa."

"Kwa nini?"

"Aone kwamba hakuna kitu kimewekwa ndani."

"Sasa mgonjwa naye ni mgeni. Huyo hakujui, hajui umeweka nini." Mama Anaeli alikuwa mlokole, pombe hiyo ya ndizi hakuigusa tangu ujana, lakini lile funda alilihamishia kwenye uji, na likafanya kazi kuliko maneno ya wengi.

La tatu lilinitoa machozi. Niliunguza mtori. Sufuria zima, lile kubwa la wodi ya wazazi, na saa ya kupeleka chakula imefika. Nikanusa moshi, nikachanganyikiwa, nikashika mwiko na kuanza kukoroga kwa nguvu zote kama vile nafukuza nyoka. Mama Anaeli aliupiga mkono wangu.

"Acha! Usikoroge! Unaupandisha huo moshi juu!"

Akaleta sufuria jingine, tukamimina taratibu, tukasimama pale uzito ulipoanza kugeuka rangi. Kilichoungua tukakiacha kimeng'ang'ania chini. Akaonja. Nikaonja. Ulikuwa mtori.

"Umepoteza wa chini," akasema. "Wa juu haujui kama kulikuwa na moto. Sasa lile sufuria lililoungua ni la kwako."

Nililikwangua mpaka bega likaacha kusikia amri.

Miaka ikapita hivyo. Mama Anaeli alistaafu, akaniachia upawa wake wenye mpini uliofungwa waya, ambao sasa uko jikoni kwenu na ambao nikisikia mmeutupa nitarudi. Wagonjwa wagumu nimewaona. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa na hakika kwamba tunamwibia nyama kwenye ndizi zake, akawa anaamuru sahani yake ije imefunikwa na kitambaa kilichofungwa fundo analolijua yeye. Kulikuwa na bibi aliyekula kiburu tu, zile ndizi za kupondwa na maharage, asubuhi kiburu, mchana kiburu, na akitaka kiwe na maharage ya shambani kwake. Hao walinichosha mwili. Aliyenichosha roho alikuja nikiwa nimebakiza miaka michache, na jina lake Glory.

Glory alikuwa kidato cha tano, kwao Kilema. Mama yake alimleta akiwa amemvalisha sweta juu ya sweta. Baba yake alishafariki. Chakula kikienda kwa Glory kinarudi kama kilivyokwenda, na jikoni kwetu mnajua tulivyo, kila mtu akawa daktari. Mmoja akasema vidonda vya tumbo. Mwingine akasema kuna kijana. Wa tatu akasema amerogwa na majirani kwa sababu ya akili zake darasani. Afisa lishe, dada Irene, aliposikia akashuka jikoni na koti lake jeupe, amekasirika.

"Tumbo lake halina tatizo," akasema. "Ni ugonjwa, tena wa hatari. Umeanzia kichwani na umekalia chakula. Hajifanyi, haringi, na hakuna aliyemroga."

"Haya," nikasema, "dawa yake inapikwaje?"

"Daktari anazungumza naye. Mimi nampangia chakula. Wewe unapika hichohicho nilichopanga, hupunguzi kwa huruma, huongezi kwa huruma. Anakula kidogo, kwa saa zilezile, na mtu anakula naye. Halafu, Mama Happy, na wenzako wasikie: hakuna kumwambia amekonda, na hakuna kumwambia amenenepa."

Tukatazamana.

"Sasa tutamsalimiaje?" nikauliza.

Mnacheka, lakini lilikuwa swali la kweli. Sisi tukikutana na mtu, baada ya shikamoo na habari za nyumbani tunamkagua. "Umenenepa" ni sifa, maana yake umetulia, unakula, kwenu kuna amani. "Umekonda" ni pole. Ukimnyima mtu vyote viwili ataona unamchukia. Dada Irene alituambia tumsalimie kwa habari za asubuhi. Tukasema sawa. Sikulala vizuri nikifikiria kitakachofuata baada ya "nzuri".

Mtu wa kula naye nikawa mimi. Nilimimina uji vikombe viwili kama nilivyofundishwa, nikanywa cha kwangu, nikaangalia dirishani. Siku za mwanzo cha kwake kilipoa. Nikarudi saa ya pili na vikombe vingine. Mtoto yule alikuwa na ulimi.

"Mama Happy, hilo troli lako linalia kama mbuzi anayepelekwa sokoni."

"Linakulilia wewe. Uji unapoa."

"Wewe huchoki?"

"Nimechoka tangu kabla hujazaliwa. Kunywa."

Akanywa. Si wote, lakini alikunywa. Kesho yake akanywa zaidi, keshokutwa akakataa, siku iliyofuata akanywa tena huku analia, na mimi naangalia dirisha kana kwamba kuna sinema huko nje. Ikafika mahali yeye anapata nafuu na mimi vifungo vya gauni la kazi vinafumuka, maana nilikuwa nakula vya kwangu nyumbani na vya kusindikiza wodini. Dada Irene akamruhusu arudi shuleni. Jikoni tukapiga vigelegele vya chinichini. Nikajiona mtaalamu.

Hakumaliza muhula. Huko bwenini wasichana walianzisha mashindano ya kupungua kabla ya mahafali, na siku moja nasukuma troli, namwona kwenye benchi la mapokezi na yale masweta yake. Nawaambia ukweli, sikusikia huruma kwanza. Nilisikia hasira, kama mtu aliyedeki sakafu akageuka na kukuta kuku wamepita. Uji wote ule! Dirisha lote lile nililoliangalia!

"Nimekuangusha, Mama Happy," akasema.

"Mimi sijaanguka, nimesimama hapa na troli. Njoo."

Tukaanza tena vikombe viwili. Safari hii alitoka mapema zaidi, na dada Irene akamkalisha mama yake chini akamweleza yote, taratibu, kwa Kiswahili chepesi. Mama Glory ni mpole, anafuga ng'ombe wawili wa maziwa, akizungumza unasogeza sikio. Alielewa kila kitu. Tatizo ni kwamba Mama Glory hakuwa na sauti pale nyumbani. Mwenye sauti alikuwa shangazi Felista, dada mkubwa wa marehemu baba yake Glory. Na Desemba ilikuwa inakuja.

Nyie wa huku hamhitaji kuelezwa Desemba. Dar inahamia migombani. Magari yamepaki mpaka kwenye makaburi ya ukoo, mbuzi hawana amani, na kila mlango unaoingia kuna sahani inakusubiri. Wengi wanaifurahia. Kwa mtu anayepigana na sahani ni kumtupa katikati ya vita bila viatu. Nilimwambia Glory anitumie meseji akizidiwa. Siku mbili kabla ya Krismasi ikaja: "Mama Happy wamenifanya mzazi."

Nikampigia hapohapo. Alikuwa ananong'ona.

"Shangazi amesema hospitali hawajui kulisha watu. Ameniweka chumba cha uzazi."

"Una mtoto?"

"Sina mtoto! Amesema kama mzazi akilishwa anajaa, basi na mimi nitajaa. Toka juzi niko kitandani, mtori na mlaso, mtori na mlaso. Anashika kijiko mwenyewe. Watu wanakuja kuniona, Mama Happy. Wanakuja na kanga."

Kwa msiotoka huku: mwanamke akijifungua, kwetu anafungiwa ndani miezi, hagusi jembe wala ndoo, analishwa mtori na maziwa, na mlaso, yaani damu ya mbuzi inayopikwa na samli. Anatoka anang'aa. Ni desturi nzuri na mimi mwenyewe niliifaidi, sikutaka kutoka. Lakini kumfungia humo binti wa shule ambaye chakula kinamtisha! Mtu angekaa chini atafute namna ya kubomoa kila kitu tulichojenga, asingepata nyingine. Na zaidi ya hapo, dada Irene alikuwa ameshatuonya kwamba mwili uliozoea kidogo ukimwagiwa kingi kwa ghafla unaweza kudhurika vibaya. Nikampigia dada Irene. Akasema aletwe apimwe leo, si kesho.

Ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimevua viatu. Nawaomba mlipime hilo kwa uzito wake: nilivaa viatu tena. Nikachukua bodaboda kupanda Kilema, mimi na mwili huu na kofia ya plastiki iliyonibana masikio, na dereva kila kona ananiambia, "Mama, usinikumbatie hivyo, siwezi kupumua." Nikamwambia hata mimi sipumui, aendeshe.

Nilifika nikakuta wanawake wamejaa mabenchi ya uani, mmoja ana jogoo mapajani. Nikasalimia.

"Umekuja kumwona mzazi?" akaniuliza mwenye jogoo. "Hata sisi hatujaonyeshwa mtoto. Ni wa kike au wa kiume?"

"Ni wa kidato cha tano," nikamjibu, nikaingia.

Chumba kilikuwa na joto kama jiko letu la zamani. Glory yuko chini ya mablanketi, amegeukia ukuta. Mama yake amesimama pembeni na mikono imekunjwa kwenye kanga. Shangazi Felista, mwanamke wa kimo na kifua, amekaa kitandani na bakuli.

"Shikamoo, dada," nikasema, maana ananizidi.

"Marahaba. Wewe ndiye mpishi wa hospitali?"

"Ndiyo mimi."

"Mwangalie mtoto mliyemrudisha! Mifupa! Mimi nimelea wazazi wa ukoo huu wote, hakuna aliyetoka chumba hiki bila kujaa. Huyu ananifungia mdomo. Ananifungia mdomo mimi!"

"Dada, hajazaa."

"Najua hajazaa! Nimezeeka, sijapofuka! Lakini chakula ni chakula." Sauti yake ikapasuka. "Nimemzika kaka yangu. Sitamzika na mtoto wake huku migomba imesimama na mikungu yake. Watu watasema nini? Mungu atasema nini?"

Nilikuwa nimepanda na maneno yangu makali, nimeyapanga njia nzima nyuma ya yule dereva. Pale yakanipungua. Yule mama hakuwa mkorofi. Alikuwa na hofu ileile niliyokuwa nayo mimi, ila yake ilikuwa na kijiko.

Nikakaa upande wa pili wa kitanda. Glory hakugeuka.

"Nimerudi mwanzo, Mama Happy," akauambia ukuta. "Kila nikifika mahali narudi mwanzo. Jana sikula kitu mwenyewe. Leo nilichokula nimeshindiliwa. Uniache tu, umekuja bure."

Hapo ndipo nilipochoka kweli. Nimechoka mara nyingi maishani, ila ile ilikuwa na ladha yake.

"Bure? Nimepanda bodaboda, Glory! Unanijua mimi! Nimepanda bodaboda mpaka Kilema, halafu unaniambia bure!" Nikasikia blanketi limetikisika kidogo, sijui kilio, sijui kicheko. "Na mwanzo ni wapi huko unakosema umerudi? Mwanzo ulikuwa hujui unaumwa nini. Mwanzo hukunitumia meseji. Mara ya kwanza ulikaa miezi hujamwambia mtu, safari hii umekaa siku mbili. Huo si mwanzo. Niliwahi kuunguza mtori, sufuria la wodi nzima, nikataka kuukoroga wote. Bosi wangu akanipiga mkono. Tukahamisha wa juu kwenye sufuria jingine, wa chini tukauacha uungue peke yake. Wewe umeungua siku mbili chini. Ukikaa hapa tunakorogana mimi na wewe na shangazi, tutapandisha moshi mpaka juu. Tunahamisha sufuria."

"Kwenda wapi?" akauliza shangazi.

"Hospitali kwanza, apimwe. Kisha kwangu Njoro, mpaka sikukuu zipite."

Mngeona uso wake. Kumtoa mtoto Kilema siku mbili kabla ya Krismasi, wakati hata waliopotelea mikoani wanarudi! Hata mimi nilijishangaa. Nyumba yangu ni yangu. Happy, binti yangu, yuko Dodoma na mume wake, na nilikuwa nimepanga kuila Krismasi hiyo peke yangu na televisheni, kwa furaha kubwa.

"Haiwezekani," akasema shangazi. "Ukoo wote unakuja."

"Ndiyo maana," ikasema sauti ndogo pembeni. Tukageuka. Alikuwa Mama Glory. "Ndiyo maana aende, wifi. Ukoo wote ukija watamwangalia anavyotafuna. Mimi mama yake nasema aende."

Sidhani kama aliwahi kumaliza sentensi tatu mbele ya wifi yake. Shangazi akamgeukia wifi yake, bakuli likaanza kuinama. Nikalichukua lisimwagike. Na kwa kuwa lilikuwa mkononi, na kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikaonja.

Nikakumbuka sukari ya siku ya kwanza. Nikasema nilichoonja.

"Dada Felista, huu mtori unaushinda wangu. Umeweka nini?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta mtego. "Maziwa ya mgando kidogo, mwishoni."

"Wewe mwenyewe umekula?"

"Mimi? Toka juzi sijaweza."

"Umempa mgeni mbege bila kupiga funda. Unataka aamini vipi?"

Akatoka. Nikadhani nimemtukana, nikaanza kumsaidia Glory kuvaa viatu. Shangazi akarudi na hotipoti ndogo, ile ya kubebea chakula cha mtoto, ameifunga kwa kitenge, akanipa mimi, si Glory. "Ni kidogo," akasema. "Muwe mnakula kidogo kidogo. Wote wawili."

"Aika," nikamshukuru kwa lugha yetu. Nje mwenye jogoo akauliza mzazi anapelekwa wapi. Shangazi akamwambia arudi kwake na jogoo wake.

Daktari alimpima, dada Irene akapanga upya, na Krismasi tukaifanya Njoro. Msidhani ilikuwa picha ya kalenda. Siku ya sikukuu yenyewe Glory alikula asubuhi, mchana akakataa, akanirushia maneno, nikamrushia, nikaenda kuosha vyombo visivyo na uchafu. Jioni akaja jikoni akachukua vikombe viwili mwenyewe. Alirudia mwaka shuleni. Aliungua tena chini mara kadhaa, na kila mara nilikasirika upya kama vile sijawahi kuona. Mnisamehe, sikuwahi kuwa mvumilivu, nilikuwa tu sina mahali pengine pa kwenda. Lakini siku moja, kabla mtu yeyote hajaona chochote, alikuja mwenyewe mpaka mlango wa jikoni na sare za shule na kusema, "Mama Happy, nanusa moshi." Nikamkalisha kwenye gunia la mchele, nikamwita dada Irene. Kwenye kazi yangu yote hakuna siku nimejisikia hivyo, na nilikuwa nimeshika kitunguu, kwa hiyo hakuna aliyenishuku.

Basi mkaja kuniaga. Mnajua mlivyofanya: mahema, ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa na majani mdomoni, na yule MC mliyemtoa sijui wapi. Nilimwalika Glory na mama yake na shangazi Felista. Tukafika kwenye keki. Nikalishwa mimi, mkanipaka puani, sawa. Kisha MC akapata wazo.

"Sasa namwomba binti wa hiari wa Mama Happy! Glory! Aje mbele alishwe keki na umati wote ushuhudie!"

Nikauona uso wa Glory. Niliujua uso ule, nilikuwa nimekunywa nao uji. Akasimama pale alipokuwa.

"Hapana, asante," akasema. "Nitakula baadaye."

"Jamani, anaogopa kunenepa!" MC akawaambia watu, watu wakacheka, nyie mkiwemo. Mimi niko juu ya jukwaa na krimu puani, mbali, nimebanwa na maua.

Shangazi Felista akainuka. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Wewe MC! Mwache mtoto! Mdomo ni wake. Endelea na mbuzi wako."

MC akaendelea na mbuzi. Shangazi akaenda mezani, akachukua kipande cha keki, akakigawa viwili kwenye sahani. Akatembea mpaka kwa Glory, akakaa, akala nusu yake taratibu, akaiweka sahani kwenye kiti katikati yao. Kisha akamtazama mtoto wa kaka yake, na nikamwona anavuta pumzi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Uzee wake wote ulikuwa unalisukuma litoke, na lingekuwa limetoka kwa upendo.

"Ume..." akaanza. Akakwama. Akahangaika na macho, juu, chini, mpaka yakafika sakafuni. "Viatu vyako vizuri."

Glory akaviangalia. "Ni vya Mama Happy, shangazi. Nimeazima."

"Ni vizuri," akasisitiza shangazi, jasho linamtoka, akamgeuzia mgongo na kuanza kumwangalia mbuzi kwa umakini ambao mbuzi hajawahi kuangaliwa nao.

Watu walipotawanyika nilipita kukusanya vyombo. Nimestaafu, lakini mikono haijaambiwa. Kwenye kile kiti nikaikuta sahani, na ile nusu ya Glory ilikuwa imeliwa, ikabaki ncha. Zamani ningesimama nikaipima kwa macho ile ncha, nikaikasirikia njia nzima mpaka Njoro.

Nikaipeleka sahani kuoshwa.